Spika Isiyojua Kunyamaza

Ingia duka lolote la redio Kariakoo, Dar es Salaam, au vuka mpaka uende Luthuli Avenue jijini Nairobi, umwambie muuzaji kwamba unataka homu thieta ya kuunganisha na kompyuta ili upate sauti ya mzunguko, ile ambayo mafundi wanaiita sarandi. Atatoa sabufa yenye spika tano ndogo, atachomeka waya wa AUX kwenye laptopu au simu yake, atafungulia wimbo, kisha atakutembeza spika moja baada ya nyingine. Sikia hii. Haya, sikia na hii. Ya nyuma nayo hiyo, inalia. "Faivu pointi wani hiyo, kaka," atasema, nawe utatoa pesa.

Nasema wazi kwamba hapo hujauziwa sauti ya mzunguko. Umeuziwa redio ya kawaida yenye midomo mingi. Na kipimo alichokitumia muuzaji, kwamba spika zote zinalia, ndicho hasa kilichopaswa kukushtua. Spika ya sarandi ina zamu yake. Hulia zamu yake ikifika, na isipofika hunyamaza. Spika isiyojua kunyamaza haina habari yoyote ya kwake. Inarudia tu inachosema jirani yake.

Niutendee haki kwanza mtazamo ninaoupinga, maana wanaoushika si wajinga. Mtu aliyejinyima miezi kadhaa akanunua maboksi sita anataka maboksi sita yafanye kazi. Ukinunua taa sita na moja isiwake, unairudisha dukani. Kwa hiyo akiona spika mbili za nyuma zimetulia, anahesabu hasara. Hesabu hiyo ni sahihi kwa taa na kwa mabati. Kwa sauti ya mzunguko inapotosha, na upotoshaji wake umewagharimu watu wengi fedha, umewanyima kitu walichokilipia, na umewafanya waamini kwamba kompyuta yao ndiyo yenye kasoro.

Tuanze na maana ya namba zenyewe, hizo 5.1 za muuzaji. Filamu ya Francis Ford Coppola, Apocalypse Now, iliyotoka mwaka 1979, inafunguka kwa mlio wa helikopta. Walter Murch, aliyesimamia usanifu wa sauti yake, aliupanga mlio huo uzunguke ukumbi, upite mbele, ubavuni na nyuma ya watazamaji. Fikiria jambo hilo linataka nini. Ili helikopta ipite nyuma yako kutoka kushoto kwenda kulia, lazima spika ya nyuma kushoto ipaze sauti wakati ya nyuma kulia imetulia, kisha zibadilishane. Spika hizo mbili zikilia sawasawa muda wote, helikopta haiendi popote.

Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ilifikisha kumbini mfumo wa Dolby Digital, wenye chaneli sita zilizochapwa kama vidoa vidogo kwenye ukanda wa filamu, katikati ya matundu ya pembeni yanayoshikwa na meno ya mashine. Mwaka uliofuata Jurassic Park ikaja na mfumo wa DTS, ambao sauti yake ilihifadhiwa kwenye sidii za pembeni zilizokwenda sambamba na picha. Baadaye DVD zikaileta kazi hiyo sebuleni. Katika mifumo yote miwili hesabu ni ileile. Chaneli ya katikati hubeba sehemu kubwa ya maneno ya waigizaji. Ya mbele kushoto na ya mbele kulia hubeba muziki na mwendo wa vitu kwenye skrini. Mbili za nyuma hubeba mazingira: mvua, umati wa watu, risasi inayokupita sikioni. Ya sita hubeba mngurumo tu, kuanzia chini kabisa hadi kama hezi 120, na kwa kuwa inabeba kipande kidogo cha sauti, haikuhesabiwa kama chaneli kamili. Ndiyo ile "moja" inayokuja baada ya nukta katika 5.1.

Kwa hiyo 5.1 haihesabu maboksi. Inahesabu habari. Watu sita wakisimama barazani wakasema neno moja kwa pamoja, umesikia habari moja kwa kelele ya watu sita. Wakipokezana zamu, mmoja akaeleza cha mlangoni, mwingine cha jikoni, mwingine cha uani, umeijua nyumba nzima. Na ili habari sita zifike, lazima zibaki sita njia nzima: ndani ya faili, ndani ya programu inayolicheza, ndani ya waya, na ndani ya kifaa kinachopokea. Zikiminywa kuwa mbili mahali popote kati ya hapo, hakuna sabufa duniani itakayozirudisha sita kama zilivyokuwa.

Sasa nizichukue hoja za upande wa pili moja moja.

Ya kwanza inasema waya ni waya, ilimradi sauti ipite. Chukua waya wako wa AUX uitazame pini yake vizuri. Utaona pete mbili nyeusi zinazokigawa chuma chake sehemu tatu. Ncha hubeba sauti ya kushoto, sehemu ya kati hubeba ya kulia, na shina ni waya wa kurudia, ule wa gandi. Ukikuta pini yenye pete tatu, kama ya hedifoni za simu, sehemu ya nne ni ya maikrofoni. Hakuna mahali pa chaneli ya katikati, wala pa nyuma, wala pa besi. Bluetooth ya kawaida ya kusikilizia muziki nayo hupeleka chaneli mbili tu. Hili halina mjadala wala halitegemei bei ya kifaa. Linahesabika kwa macho.

Kompyuta ikijua kwamba mlango uliopo ni wa chaneli mbili, hufanya jambo la busara. Hukusanya zile sita na kuzichanganya ziwe mbili, ili usikose kitu. Maneno ya mwigizaji, yaliyokuwa na chaneli yao peke yao, hugawanywa kushoto na kulia na kuchanganywa na muziki na vishindo. Sabufa ikishapokea mchanganyiko huo, huunakili tu kwenye spika zake zote. Ndiyo maana watu wengi wenye homu thieta hulalamika kwamba milipuko inatikisa madirisha lakini mazungumzo hayasikiki. Wanaongeza sauti ili wasikie maneno, mlipuko unawashtua, wanapunguza, wanaongeza tena. Wanadhani filamu imerekodiwa vibaya. Maneno yao yamefukiwa kwenye pini ya AUX.

Niliyashuhudia haya Tabata, nyumbani kwa dada yangu. Shemeji alikuwa amenunua sabufa ya spika tano, na dukani alikuwa ameonyeshwa ziara ileile niliyoieleza. Mpwa wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alikuwa akiangalia filamu kwenye laptopu ya baba yake, na kila dakika mbili anairudisha nyuma. "Shikamoo mjomba. Eti huyu kasema nini?" Sikuweza kumjibu, kwa sababu na mimi sikusikia.

Tuliigeuza ile sabufa tukatazama mgongoni. Kulikuwa na matundu mawili ya AUX, yametumika, na pembeni yake kundi la matundu sita yaliyojaa vumbi, hayajawahi kuguswa tangu kiwandani. Yaliandikwa FL, FR, SL, SR, CEN na SW: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, katikati, na besi. Kumbe kifaa chenyewe kilikuwa na uwezo. Kilichokosekana ni mtu wa kukiletea habari sita. Laptopu ilikuwa na tundu moja tu la hedifoni, kwa hiyo tulitafuta kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa kwenye USB na kutoa chaneli sita kupitia matundu matatu yenye rangi. Tukanunua waya tatu zenye pini ya AUX upande mmoja na pini mbili za AV upande mwingine. Kijani tukaupeleka mbele, mweusi nyuma, na rangi ya chungwa kwenye katikati na besi. Rangi hizo ni desturi ya kompyuta nyingi, na mtu mwenye kompyuta ya mezani huenda anazo tayari mgongoni mwa kompyuta yake bila kuhitaji kununua kadi.

Kisha tukafanya jaribio ambalo natamani lifanywe katika kila duka. Kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika mmsys.cpl, unachagua kifaa kinachotoa sauti na kubonyeza Configure. Inakuja orodha ya mipangilio: stereo, 5.1, 7.1. Ukichagua 5.1 unaonyeshwa picha ya chumba chenye spika, na kila spika unayoibonyeza hutoa mlio wake peke yake. Mpwa wangu alisimama nyuma ya kochi. Nikabonyeza ya mbele kushoto, ikalia. Nikabonyeza ya katikati, sauti ikatoka kwenye boksi la besi, nzito, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Tukajua pini mbili za waya wa chungwa zimepishana. Tukazibadilisha, ya katikati ikalia pale chini ya runinga. Nikabonyeza ya nyuma kulia. Spika ikalia karibu na sikio la kijana, na nyingine zote zikanyamaza. Akageuka akaitazama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Turudi kwenye hoja. Kuna wanaosema kompyuta haikuundwa kwa kazi hii, kwamba ni chombo cha ofisi, na anayetaka sarandi akanunue mashine ya diski. Hili ni kosa ambalo limepitwa na wakati kwa zaidi ya miaka ishirini. Kiwango cha kwanza cha HDMI kilitolewa Desemba 2002, na tangu siku hiyo waya huo mmoja unaweza kubeba chaneli nane za sauti isiyobanwa, pamoja na picha. Laptopu yenye tundu la HDMI unayoitumia kuandikia ripoti kwa kawaida inao uwezo huo ndani ya chipu yake ya picha. Programu ya bure kama VLC inajua kufungua sauti ya Dolby Digital na ya DTS bila kuongezewa chochote. Wakati mashine ya diski inategemea kilichowekwa na kiwanda, kompyuta hujifunza aina mpya ya sauti kwa kuongezewa programu tu. Aliyekuambia kompyuta yako haiwezi alitazama tundu la hedifoni, akadhani ndiyo kompyuta nzima.

Hoja nyingine huja kutoka kwa walio na ujuzi kidogo zaidi, na hao ndio wagumu kuwashawishi kwa sababu wako nusu ya njia. Wanasema tumia waya wa mwanga, ule unaotoa nuru nyekundu ncha yake, maana huo ni wa kidijitali na dijitali haina kasoro. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mfumo wa sauti unaopita humo, uliosanifiwa na Sony na Philips katika zama za sidii, ulipimwa kwa mahitaji ya sidii: chaneli mbili zisizobanwa, karibu kilobiti 1,411 kwa sekunde. Chaneli sita zisizobanwa hazienei humo. Lakini chaneli sita zilizobanwa kwa Dolby Digital zinaenea bila shida, kwani kwenye DVD hazivuki kilobiti 448. Maana yake ni kwamba waya wa mwanga utakupa sarandi kwa sharti moja: sauti iliyobanwa ipitishwe kama ilivyo, bila kufunguliwa na kompyuta, ikafunguliwe na homu thieta upande wa pili. Katika programu ya kuchezea filamu kuna mpangilio wa kuruhusu hivyo, na watu wengi hawajawahi kuugusa.

Usipouruhusu, kompyuta hufungua sauti, hukuta chaneli sita, hutazama waya, huona nafasi ya mbili, na kuzichanganya. Na kama sauti yenyewe ni ya gemu, inayotengenezwa papo hapo na haijabanwa kwa Dolby, haipiti ikiwa sita hata ukiruhusu, mpaka kadi ya sauti iwe na uwezo wa kuibana hapohapo. Chipu ya nForce ya Nvidia ilikuwa na uwezo huo tangu mwaka 2001, na baadhi ya kadi za leo zinao kwa jina la Dolby Digital Live. Kwa hiyo tusitukuze waya kwa sababu ya nuru yake. Tuulize unabeba nini.

Mtego unaofanana na huo uko kwenye runinga, na umewakamata hata waliotumia HDMI. Mtu huchomeka laptopu kwenye runinga, kisha runinga kwenye homu thieta. Inaonekana ni mpango wa akili. Lakini kompyuta inapochomekwa HDMI husoma kwanza taarifa fupi iliyomo ndani ya kifaa cha upande wa pili, inayosema kifaa kinaweza kupokea nini. Runinga nyingi, kwa kuwa zina spika mbili, hujitangaza kuwa za chaneli mbili. Kompyuta inatii. Unafungua ile orodha ya mipangilio, unakuta stereo peke yake, unahitimisha kwamba laptopu ni mbovu. Kama homu thieta yako ina tundu la kuingizia HDMI, chomeka laptopu humo kwanza, kisha homu thieta ndiyo ipeleke picha kwenye runinga. Orodha itabadilika mbele ya macho yako. Laptopu ni ileile na waya ni uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa.

Yapo pia mazoea ya kudhani filamu ni filamu. Hapa lawama inatuhusu sote tunaobeba flashi kwenda maktaba za muvi. Faili lililobanwa ili lienee kwenye simu mara nyingi limeshapunguzwa kuwa chaneli mbili kabla halijakufikia. Filamu zilizotafsiriwa, ambazo mtafsiri wetu anazungumza juu ya sauti ya awali, kwa kawaida ni za chaneli mbili vilevile, na hakuna ubaya wowote, maana humo tunamfuata msimulizi. Video tunazotazama kwenye vivinjari vya intaneti nazo mara nyingi hutoka chaneli mbili hata pale ambapo filamu yenyewe ina sita. Kabla hujamlaumu yeyote, fungua faili kwa VLC, bonyeza Ctrl na J, usome mstari wa chaneli. Ukiona 3F2R/LFE, hiyo ndiyo 5.1: tatu mbele, mbili nyuma, na ya mngurumo. Ukiona stereo, umeshajua. Usitegemee kuvuna mahindi kwenye shamba ulilopanda kunde.

Suala hilo la chaneli mbili ndilo lililonionyesha kwa nini imani ninayoipinga haifi. Wiki moja baada ya kazi yetu ya Tabata, shemeji alinipigia simu. "Shemeji, zile spika za nyuma zimekufa, na besi haipo. Fundi amekuja, ameziamsha." Nilipokwenda nikakuta waya zote tatu zimechomolewa, ule wa AUX umerudishwa, na spika zote zinalia. Kilichotokea ni kwamba alicheza wimbo wa bongo fleva. Wimbo una chaneli mbili, kompyuta ikazipeleka mbele kushoto na mbele kulia, na zilizobaki zikanyamaza kwa sababu hakuna aliyezipa neno la kusema. Mfumo ulikuwa umesema ukweli kwa mara ya kwanza, na ukweli huo ukatibiwa kama ugonjwa.

Simlaumu shemeji, wala fundi aliyetaka kumfurahisha mteja wake. Ila tukio hilo linaonyesha jinsi kipimo kibaya kinavyoua kazi nzuri. Anayejua kuunganisha hushindwa na asiyejua, kwa sababu wa pili anatoa kelele inayosikika kona zote. Tulitatua kwa njia rahisi: waya zote zikae mahali pake. Wimbo upitie AUX, filamu ipitie kadi ya sauti, na kwenye rimoti kuna kitufe cha kuchagua. Muziki una mlango wake na filamu ina wa kwake.

Na hapa nikubali hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa pili. Taarabu, rumba, kaswida, bongo fleva, karibu vyote tunavyovisikiliza kila siku vilirekodiwa kwa chaneli mbili, na spika mbili nzuri zilizowekwa vizuri zinavitosha kabisa. Anayesikiliza muziki tu hana haja ya spika tano, na anayemshawishi azinunue anamdhulumu. Nakubali pia kwamba ipo mitambo inayozalisha sauti ya mzunguko kutoka chaneli mbili kwa ustadi wa kweli. Dolby Pro Logic II, ya mwaka 2000, huchunguza tofauti kati ya kushoto na kulia, kisha hupeleka kilichofanana katikati na kilichotofautiana nyuma. Lakini hiyo ni kazi ya kupembua, na matokeo yake ni kwamba spika hazilii sawa. Ukiisikia utajua. Haifanani na kunakili, na anayetumia mfano wake kuitetea sabufa inayonakili anachanganya pembe za ndovu na mifupa.

Wapo watakaosema mwananchi wa kawaida hajali, anataka mdundo tu. Siwezi kuikubali kauli hiyo. Ni dharau iliyovaa nguo za huruma. Mpwa wangu hakuwa na kadi ya sauti wala msamiati wa chaneli, lakini alijali kiasi cha kurudisha filamu nyuma kila dakika mbili. Mama anayeangalia filamu usiku kwa sauti ya chini ili asiamshe watoto anajali. Mzee ambaye masikio yameanza kumtupa mkono anajali zaidi ya wote, kwa sababu chaneli ya katikati ikiwa na spika yake, unaweza kuipandisha peke yake ili maneno yasikike, bila kuugusa mngurumo. Huyo ndiye mwananchi wa kawaida, na anachokosa ni kuambiwa.

Badala ya kuambiwa, anapewa namba. Boksi limeandikwa wati elfu kadhaa za PMPO. Namba hiyo haina kanuni moja inayokubalika ya kuipima, kila kiwanda hujipimia. Geuza sabufa utazame kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa umeme unaotumiwa. Utakuta wati makumi kadhaa. Hakuna chombo kinachoweza kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingia kutoka ukutani. Debe tupu haliachi kuvuma, na hapa linavuma likiwa bado ndani ya boksi. Fedha inayokwenda kwenye namba hizo ingetosha waya sahihi, na mara nyingi kadi ya sauti pia.

Hata waya zikiwa sahihi, kuna jambo la mwisho la kupinga: desturi ya kupanga spika zote tano kwenye kabati la runinga, zimejipanga kama vikombe. Pendekezo BS.775 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, linaweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande wa katikati, na za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, yaani ubavuni, nyuma kidogo ya masikio ya aliyeketi. Huhitaji kipimapembe. Keti kwenye kochi lako, nyoosha mikono pembeni sawasawa na mabega, kisha irudishe nyuma kidogo. Hapo ndipo mahali pake. Waya uliokuja nao ukiwa mfupi, unga waya wa kawaida wa spika, ukihakikisha nyekundu inakutana na nyekundu na nyeusi na nyeusi. Spika ya nyuma iliyosimama kando ya runinga itanyesha mvua yote ndani ya runinga.

Kwa hiyo utakapokwenda dukani tena, usikubali ziara ya spika zote. Beba laptopu yako na faili lenye chaneli sita ulilolihakiki. Uliza kama kifaa kina tundu la kuingizia HDMI, au tundu la waya wa mwanga pamoja na uwezo wa kufungua Dolby Digital, au yale matundu sita mgongoni. Kikiwa na AUX, Bluetooth na flashi peke yake, ni redio ya chaneli mbili. Inunue kwa bei ya redio kama umeipenda. Kikiwa na milango hiyo, fungua orodha ya mipangilio, bonyeza spika moja, na umwambie muuzaji akae kimya pamoja nawe. Mwambie akuonyeshe spika moja ikilia na nyingine zote zikinyamaza. Asipoweza, rudisha pesa mfukoni.

Juzi nilikuwa Tabata tena. Filamu ilikuwa na watu wawili wakizungumza chumbani, sauti zao zikitoka chini ya runinga, kila neno linasikika. Nyuma yetu kimya. Mgeni mmoja akageuka akaonyesha spika za ukutani, akamwambia shemeji kwamba zile mbili zimekufa. Shemeji hakuinuka. "Subiri," akasema, "zamu yao bado." Kisha mvua ikaanza kunyesha kwenye filamu, nasi sote tukaisikia ikianzia mgongoni.